Mwenye Udhuru wa Kudumu: Mpira, Pampasi na Bajeti

Mtoto wa Pemba hukutana na mgonjwa wa mkojo usiozuilika akiwa bado chuoni, kabla hajajua huo ni ugonjwa gani. Katika Safinatu-Najaa, kijitabu cha Sheikh Salim bin Sumeir wa Hadhramaut ambacho vizazi kwa vizazi vya mwambao huu vimeanzia fiqhi, masharti ya udhu yanahesabiwa kuwa kumi, na la mwisho linamhusu mtu anayeitwa daaimul-hadathi, yaani yule ambaye hadathi yake haikatiki. Tulilikariri neno hilo kwa sauti moja, tukitikisa vichwa, na hakuna aliyeuliza mtu huyo ni nani au anakaa wapi.

Ukipanda kwenye vitabu vikubwa vya madhehebu ya Imam Shafi unakuta ameandikiwa utaratibu kamili. Asubiri wakati wa sala uingie. Ajisafishe. Ajizibe kwa pamba au kitambaa na kukifunga barabara. Atawadhe, kisha asali bila ya kuchelewa, ila kwa jambo lenye maslahi ya sala yenyewe kama kuisubiri jamaa. Kitakachotoka baada ya hapo kimesamehewa. Fardhi nyingine ikifika, anaanza upya.

Kinachonivutia katika mlango huu ni utulivu wake. Wanazuoni wale hawakumtaka mtu huyu ajifiche, wala hawakumwambia asubiri mpaka apone. Walichukulia kwamba yupo, kwamba ana haki ya kusimama safuni kama wengine, na kwamba anahitaji kitambaa, maji na muda. Wakamwandikia. Swali ninalotaka tulitafakari, wasomaji wangu, ni kwa nini hospitali zetu, ofisi zetu, vyuo vyetu na bajeti zetu havijamwandikia utaratibu mtu huyo huyo, karne nyingi baadaye, katika kisiwa ambacho jina lake linasomwa kila asubuhi.

Ninauliza nikiwa mmoja wao. Msimu mmoja wa karafuu, miaka kadhaa nyuma, tawi lilikatika nikiwa juu ya mkarafuu wa familia yetu. Kila mchumaji anajua kwamba mti ule ni mrefu na matawi yake ni mepesi kuvunjika, na kila mchumaji hupanda vivyo hivyo, kwa sababu karafuu hazimsubiri mtu. Pingili moja ya chini ya mgongo ilipasuka. Baada ya upasuaji na miezi mingi ya mazoezi nilirudi kutembea, sasa kwa bakora, na nikarudi darasani kufundisha. Kibofu hakikurudi.

Jambo hili linahitaji maelezo, kwani hata watu waliosoma hulielewa kinyume. Kibofu ni mfuko wa misuli. Kinapojaa, mishipa ya fahamu iliyo sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo hupeleka habari juu, na amri ya kukamua hurudi kwa njia hiyo hiyo. Mishipa ikiumia, habari haipandi na amri haishuki. Kibofu hujaa bila mwenyewe kuhisi, hushindwa kujikamua, kisha hufurika, kama mtungi ulioachwa chini ya bomba lisilofungwa. Kwa hiyo mimi siwezi kukojoa, na wakati huo huo navuja.

Hali hiyo si ya walioanguka miti peke yao. Wazee wengi wenye tezi dume iliyokua wako hivyo hivyo: tezi imebana njia, mkojo unabaki ndani, na kinachoonekana nje ni matone mchana na godoro lililolowa usiku. Jamaa husema mzee amezeeka, humnunulia pampasi, na jambo linaishia hapo. Kumbe kibofu kimejaa pomoni, na mkojo uliorudi nyuma unaziharibu figo kimya kimya. Msomaji mwenye baba au babu wa namna hiyo nyumbani, nakuomba umpeleke akapimwe kwanza. Pampasi hukausha nguo, lakini haipunguzi hata tone moja la mkojo uliobaki kibofuni.

Wapo pia waliopata kiharusi na wenye kisukari cha muda mrefu. Wapo akina mama ambao misuli ya nyonga imelegea baada ya kuzaa mara nyingi, na wale waliopata fistula kwa uchungu wa uzazi uliokawia bila ya msaada. Sababu zao ni mbali mbali na tiba zao ni mbali mbali. Kinachowaunganisha ni ukimya.

Dawa ya kibofu kisichojikamua ni mpira wa mkojo, au katheta. Upo wa aina mbili. Wa kwanza ni ule unaobaki ndani, wenye puto dogo nchani linalojazwa maji ili usitoke. Umepewa jina la Frederic Foley, daktari wa Marekani aliyeubuni katika miaka ya 1930. Mwisho wake mwingine huungwa na mfuko, na mfuko huo lazima ukae chini ya usawa wa kibofu ili mkojo usirudi ndani. Ule wa mpira wa kawaida hubadilishwa takriban kila baada ya wiki nne. Wa silikoni huweza kufika wiki kumi na mbili. Wa pili hauna puto. Mgonjwa huuingiza mwenyewe, mkojo hutoka, naye huutoa, mara nne hadi sita kwa siku.

Huo wa pili una historia ambayo kila mpanga mipango wa afya angefaa kuijua. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kuvunjika uti wa mgongo ilikuwa kama hukumu ya kifo. Waliopona jeraha lenyewe waliuawa na maambukizi ya mkojo na vidonda vya mgongo. Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani, alifungua kituo cha majeruhi hao Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, akaonyesha kwamba kibofu kikikamuliwa kwa saa maalumu na kwa usafi wa chumba cha upasuaji, watu huishi. Mwaka 1972 Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake wakapiga hatua nyingine. Walisema usafi wa kawaida unatosha: mikono iliyonawiwa kwa sabuni, mpira uliooshwa, na saa isiyokosewa. Hatari kubwa, alieleza Lapides, ni kukiacha kibofu kijae kupita kiasi, kwa sababu kuta zake zikivutika damu hupungua na vijidudu hupata nafasi.

Zingatia maana ya ugunduzi huo kwa kisiwa kama chetu. Haudai mashine wala umeme. Unadai mpira wa plastiki, maji, sabuni, muuguzi wa kumfundisha mtu mara moja, na choo ambacho mtu anaweza kujifungia kwa dakika kumi. Ni miongoni mwa tiba chache za uti wa mgongo ambazo umasikini hauwezi kutumiwa kuwa kisingizio cha kuikosa.

Siku yangu inakwenda hivi. Alfajiri, mpira. Kabla ya kipindi cha kwanza, mpira. Adhuhuri, baada ya adhana, mpira, kisha najisafisha, nabadilisha pampasi, natawadha. Jioni tena, na kabla ya kulala tena. Katikati ya nyakati hizo pampasi hupokea kinachopenya. Ndani yake mna chembechembe ndogo kama sukari ambazo zikiguswa na maji huvimba na kuwa ute mzito, na ndiyo maana hubeba zaidi kuliko kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa mara nne. Hata hivyo kanga kuukuu bado ndiyo pampasi ya wengi vijijini, na sioni sababu ya kuidharau: ikifuliwa vizuri, ikaanikwa juani na kubadilishwa mapema, huilinda ngozi. Kinachoichubua ngozi ni kukaa na unyevu.

Siku za Ijumaa naingia msikitini nikiwa nimechelewa, kwa kuwa udhu wangu hauwezi kutangulia wakati. Nakaa safu ya nyuma, karibu na mlango. Wapo wanaodhani ni uvivu wa wasomi.

Na hapa tufike kwenye aibu. Kila Mpemba ameisikia hadithi ya makaburi mawili aliyoyapitia Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, ambapo mmoja wa waliomo alikuwa akiadhibiwa kwa kutojikinga na mkojo. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim na hakuna anayeibishia. Lakini nimeona namna inavyotumika: mwenye maradhi huisikia mimbarini na kujiona yeye ndiye anayetajwa. Hadithi inamsema mtu aliyeweza kujikinga akapuuza. Yule anayefunga kitambaa mara tano kwa siku amejikinga kuliko sisi sote. Masheikh wetu wanaoisoma hadithi ile wangewatendea wema mkubwa wagonjwa kama wangeisoma pamoja na mlango wa daaimul-hadathi katika darasa moja, na wakakumbusha ile kanuni ya fiqhi kwamba mashaka huvuta wepesi.

Aibu hii ina gharama ya mwili. Jambo la kwanza afanyalo mtu anayevuja ni kuacha kunywa maji. Huona amepata ufumbuzi, naye yuko kwenye joto la pwani, mkojo wake unakuwa mzito, maambukizi yanakuja na vijiwe vinaanza kujijenga. Jambo la pili ni kuacha watu. Mzee mmoja wa kijijini kwetu aliyewekewa mpira wa kudumu kwa sababu ya tezi dume alikuwa hakosi barazani baada ya alasiri. Nilipomwuliza mbona haonekani, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, barazani watu hukaa karibu karibu." Hakusema zaidi, na mimi sikuhitaji aseme zaidi.

Mzee huyo alipaswa kubadilishiwa mpira kila mwezi. Kila mwezi huo ulikuwa na nauli ya kwenda na kurudi, kijana wa kumsindikiza, foleni, na mara kwa mara jibu kwamba vifaa havipo, nenda kanunue dukani. Mwezi ukawa miwili, miwili ikawa mitatu. Mpira uliozeeka huziba, na ukiziba mkojo hupita pembeni au homa hupanda. Muuguzi yeyote anayejua kazi yake huubadilisha kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai.

Tufanye hesabu, maana bajeti husikiliza hesabu. Zanzibar ilianzisha pencheni jamii kwa wazee waliofika miaka 70 mwaka 2016, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Ni hatua ya kupigiwa mfano Afrika Mashariki na sitaipunguzia heshima yake. Sasa chukua mzee anayehitaji pampasi tatu kwa siku, na tufanye kipande kimoja ni shilingi 1,500. Kwa siku ni shilingi 4,500. Kwa mwezi wa siku thelathini ni shilingi 135,000. Pencheni yote, bila ya kununua hata kilo moja ya mchele, inamaliza siku kumi na moja. Mimi mwenye mshahara wa chuo kikuu naimudu hesabu hiyo nikiuma meno. Mchumaji karafuu anayelipwa kwa pishi hawezi.

Na huyo mchumaji ndiye ninayemfikiria zaidi. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba, na kwa zaidi ya nusu karne dola, kupitia Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, imekuwa mnunuzi halali wa zao hili. Serikali ni mshirika katika kila karafuu inayoanikwa jamvini. Kumekuwa na utaratibu wa kuwapa fidia wachumaji wanaoanguka, na kwa hilo ZSTC inastahiki shukrani. Lakini fidia hutolewa mara moja, na kibofu kilichokufa hudai mara tano kwa siku, msimu uwepo au usiwepo, mpaka mtu anaingia kaburini. Kijana aliyeanguka akiwa na miaka ishirini na mbili anaweza kuishi na mpira miaka arubaini. Nchi inayojua kupanga bei ya karafuu kwa kilo inaweza kujua pia bei ya kijana huyo kwa mwezi.

Sheria hatukukosa. Zanzibar ilitunga sheria ya haki na fursa za watu wenye ulemavu mwaka 2006, miaka minne kabla ya Bara. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar umeanzishwa kwa sheria ya 2023, ukianza na watumishi wa umma. Kilichobaki ni kushuka kutoka kwenye haki kwa jumla hadi kwenye kifaa kwa jina lake, kwani haki isiyotaja mpira wa mkojo haimfikii mwenye kibofu.

Tuna masomo mawili ya karibu. La kwanza ni la Bara. Mwaka 2018 kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye taulo za kike. Mwaka 2019 ikarudishwa, kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka. Somo lake ni kwamba msamaha wa kodi pekee unaweza kuishia mfukoni mwa mfanyabiashara. Kifaa kikinunuliwa kwa wingi na bohari ya serikali na kutolewa kituoni, hakuna wa kukizuia njiani. Somo la pili ni la hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam, ambayo imekuwa ikiwatibu bure wanawake wenye fistula na kuwatumia nauli kwa M-Pesa. Waliopanga mpango ule walitambua kwamba upasuaji wa bure hauna maana kwa mwanamke asiye na nauli, naye amejifungia chumbani kwa sababu ya harufu. Wakaihesabu nauli kuwa sehemu ya tiba.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni manne, na yote ni madogo.

Kwanza, mipira ya aina zote mbili, mifuko ya mkojo na pampasi za wakubwa ziwekwe katika orodha ya vifaa ambavyo Mfuko wa Huduma za Afya unavigharamia na ambavyo hospitali zetu za wilaya haziruhusiwi kuishiwa. Pili, kila kituo cha afya kiwe na angalau muuguzi mmoja aliyefundishwa kubadilisha mpira na kumfundisha mgonjwa kujitoa mkojo mwenyewe. Wahudumu wa afya wa jamii wa mpango wa Jamii ni Afya tayari wanapita nyumba kwa nyumba na simu zao kuulizia mama na mtoto. Waongezewe swali moja kuhusu mzee wa nyumba. Tatu, taasisi za umma ziwe na kanuni inayomruhusu mtumishi au mwanafunzi kutoka chumbani, hata katikati ya mtihani au kikao, bila ya kutakiwa kueleza sababu mbele ya watu.

La nne ni choo. Nimeingia katika vyoo vingi vya ofisi, vyuo, misikiti na vyombo vya baharini. Katika vyoo vya wanaume sijakumbuka pipa la taka lenye kifuniko. Aliyevipanga hakuwaza kwamba mwanamume anaweza kuwa na kitu cha kutupa. Matokeo yake ni kwamba mwanamume mwenye pampasi iliyotumika huikunja, huitia kwenye mfuko wa plastiki, huuweka mfuko huo katika mkoba wenye karatasi zake, na kwenda nao kikaoni. Asiyeweza kuvumilia hilo huisukuma kwenye tundu la choo, kikaziba, na lawama ikaenea kwa wote. Komeo linalofunga, ndoo yenye maji, msumari wa kutundikia mkoba, na pipa lenye kifuniko. Gharama yake haifikii posho ya kikao kimoja cha kujadili mapendekezo haya.

Kwenu wanafunzi wangu: mkimwona mwenzenu ameacha kunywa maji, ameanza kukaa nyuma karibu na mlango, au amekuja na bakora na mkoba asiouachia, msimwulize mbele za watu. Mwachieni kiti cha pembeni. Kwenu watumishi wa umma mnaoandaa makadirio ya mwaka ujao: nendeni mkaangalie choo cha wanaume cha ofisi yenu kabla hamjafunga jedwali, na mkikuta hakina pipa, lianzieni hapo.